Ulilala Kabla ya Ile Saa

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Huku hatujambo, baba yako anakusalimu.

Nakuandikia kuhusu Jumamosi ile. Nilikuwekea filamu ya Trouble in Paradise, ukasema, "Mama, ya mwaka 1932? Haina hata rangi!" Nusu saa haikupita ukawa unakoroma kwenye kochi. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo.

Mwanzo uliuona. Usiku wa Venice, mzoa taka anamwaga pipa, kumbe anamwagia kwenye gondola, ile mashua nyembamba ya huko, kisha anaondoka akiimba kama bwana harusi. Ulicheka, nilikusikia. Halafu wale wawili mezani, wanajifanya makabaila, kumbe wote wezi. Lily anamwambia Gaston wazi kwamba ni mwizi, na hapohapo anamwomba chumvi kwa adabu zote. Pochi aliyoiba Gaston sasa anayo Lily, bruchi ya Lily anayo Gaston, wanarudishiana kimoja kimoja. Lily akigundua kwamba hata ukanda wa soksi pajani umekwenda, anamrukia shingoni. Posa gani tena hiyo!

Sasa ulichokosa. Gaston ameshakuwa katibu wa Madame Colet, tajiri wa manukato wa Paris, na mapenzi yanaanza kuchipua. Unajua Lubitsch, mwongozaji wa filamu, anatuonyesha nini? Saa. Mishale inasogea, jioni inakuwa usiku, na wao hatuwaoni, tunasikia sauti zao tu. Kumbuka filamu za kuzungumza zilikuwa na miaka mitano hivi tangu zishike kasi. Wengi walikuwa bado wanawapanga waigizaji karibu na maikrofoni wazungumze kama wanatoa ushahidi mahakamani. Yeye akatuachia masikio, yaliyobaki tujaze wenyewe. Mimi hujaza vizuri sana, usimwambie baba yako.

Nawe unadhani filamu za kale ni za watawa! Kanuni za maadili za Hollywood zilipokazwa mwaka 1934, hii haikuruhusiwa kurudishwa kumbini. Mwizi anapendwa na wanawake wawili na polisi hawamkamati, wakaguzi wangeimezaje?

Ukija mwisho wa mwezi nitaianzia palepale kwenye saa. Kochi sikupi. Utakalia kile kigoda cha jikoni.

Mama yako