Safari ya Katesh Jumamosi: muda umebadilika

Wasomi habari za jioni, poleni na mahakama. Ile safari yetu ya kwenda kuwasaidia kisheria waathirika wa maporomoko ya tope ya Hanang (yale ya tarehe 3 Desemba 2023) ipo palepale Jumamosi ila tunatoka Arusha saa 11 alfajiri badala ya saa 1, maana mpaka tupite Babati tufike Katesh asubuhi imeshaisha na wazee huwa wanawahi kupanga foleni.

1. Mchango elfu 30 ya mafuta na chakula, mwisho Alhamisi saa 2 usiku, tumeni kwa mhazini.

2. Mirathi ndo kazi kubwa, kuna familia bado hazina cheti cha kifo, kwa hiyo tunaanza na fomu za RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo) halafu muhtasari wa kikao cha ukoo ndo twende Mahakama ya Mwanzo, tusiruke hatua jamani. Waliopotelewa na hati za ardhi na vitambulisho vya NIDA meza yao ya pili.

3. Anayejua Kiiraqw au Kidatoga aseme mapema, bibi mwingine Kiswahili cha kisheria utamchosha tu.

Huduma ni bure, hata soda ya mteja usipokee. Na suti acheni nyumbani, kuna vumbi.

Naomba kila mtu ajibu hapa NAENDA au SIENDI kabla ya kesho saa 6 mchana, gari ina siti 14 tu.