Wananiambia niongeze redio, na gia boksi inalia

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia saa tisa usiku, nyumba nzima imelala isipokuwa mimi. Nikifumba macho nausikia mlio wa gari. Nikiyafumbua nalisikia lile neno la shemeji, mdogo wa mume wangu ambaye ndiye fundi wa gari letu, alilolisema mbele ya watoto: "Shemeji, ukiisikia tena hiyo sauti, ongeza redio." Mume wangu akacheka. Hakutabasamu, alicheka mpaka akajishika ubavu. Nimeolewa mwaka wa 11 huu na sijawahi kuzusha jambo ndani ya nyumba ile.

Magari ya automatiki unayajua, sina haja ya kukuchosha. Letu ni CVT, zile zisizopanda gia moja moja. Ndani kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobana na kuachia. Haya nimeyajua juzijuzi tu, kwa kusoma usiku kama huu.

Sauti yenyewe iko hivi. Asubuhi gari likiwa P, yaani limeegeshwa, linavuma, uvumaji mwembamba kama wa mbu aliye nje ya chandarua. Nikikanyaga mafuta unapanda pamoja na injini. Nikiweka D, gia ya kwenda mbele, nikiwa nimeshika breki unakuwa mzito. Likianza kutembea, kwenye 40 hivi, unageuka mluzi, na nikiachia mafuta mluzi unashuka kama mtu aliyekatika pumzi. Tena kuna mtetemo wa kuondoka, hasa penye mwinuko, kama tairi zinapita juu ya mbao zilizopangwa. Wiki iliyopita mshale wa mizunguko ya injini ulipita 3,000 na gari likabaki mwendo uleule, halafu likavuta kwa ghafla. Mume wangu alikuwa kiti cha pembeni anaongea na simu. Nilipomwambia, akasema nimekanyaga vibaya.

Usinione nimekurupuka. Nilijaribu kila anachoweza kukijaribu mtu asiye fundi. Nikiwa nimesimama nilizungusha usukani hadi mwisho huku na huku, mlio haukubadilika, kwa hiyo si pampu ya usukani. Kwenye barabara tupu niliyumbisha gari taratibu kulia na kushoto, maana nimesoma kwamba beringi ya tairi ikiharibika hubadilisha sauti uzito unapohamia upande mmoja. Haikubadilika. Nilizunguka uwanjani nikiwa nimekata usukani wote nikisubiri ule mlio wa tak-tak-tak wa jointi za shafti zinazozungusha tairi. Hakuna. Nimerekodi mara 14 kwa simu, kila rekodi nimeandika mwendo na gia. Mume wangu alisikiliza moja, nusu, akasema simu inaharibu sauti.

Hoja yake kubwa ni taa ya dashibodi: haijawaka, basi gari ni zima. Lakini Mjomba, taa ile huwaka kompyuta inapopokea kosa kutoka kwenye sensa na nyaya zake. Beringi inayoanza kulia haina sensa ya kuisikiliza. Chuma kinaweza kusagana siku nyingi na taa imezimika. Nilijaribu kumweleza hili, akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Sijawa fundi. Ila ndiye ninayeliendesha kila siku, yeye hupanda Jumapili.

Basi nikalipeleka kwa fundi mwingine, kwa siri. Najua utasema nini kuhusu siri, lakini ningefanyaje na mtu aliyekwisha kunicheka? Yule fundi kwanza alitoa mkanda wa nje, unaozungusha alteneta, akawasha injini muda mfupi tu asije akaichemsha. Mlio ukabaki palepale. Akaurudisha mkanda, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye ubavu wa gia boksi, akaniambia niweke sikio kwenye mpini. Niliusikia mlio kwenye mfupa wa taya. Chini ya ule uvumaji kulikuwa na kitu kingine, mbali sana, kama mchanga unaokorogwa kwenye bakuli la bati. Nikalia palepale gereji. Sikulilia gari. Nililia kwa kuwa hatimaye kuna mtu amesikia ninachosikia, na hakusema neno lolote la redio.

Aliniuliza jambo moja: oili ya gia imebadilishwa lini, na ni oili gani. Nikamjibu, miezi miwili, shemeji ndiye aliyeibadilisha. Na ni kweli, shemeji ndiye aliyeibadilisha, na mlio ulianza kama siku 10 baadaye. Ndiyo maana nasema alikuwa na haja ya kunifanya niwe kichekesho, kazi ilikuwa ya mkono wake. Mtu anayejiamini huwasha injini akasikiliza. Yeye hakufungua hata boneti.

Ila oili niliinunua mimi. Shemeji alikuwa ameniandikia kwenye karatasi, neno CVT amelipigia mistari miwili chini. Muuzaji hakuwa nayo. Akanichotea kwenye pipa ya automatiki ya kawaida, akaijaza kwenye dumu, akasema zote ni za automatiki, haina tofauti. Nilikuwa na haraka, mtoto alikuwa ananisubiri getini shuleni na wenzake wote wameshaondoka. Shemeji alipolipokea lile dumu aliliinua kwenye mwanga, oili ikaonekana nyekundu, akaniuliza, "Ndiyo yenyewe hii?" Nikasema ndiyo yenyewe. Angeweza kukataa dumu lisilo na lebo, si yeye ndiye fundi? Mtu wa kazi hamimini kitu asichokijua. Lakini aliniuliza, nami nikajibu.

Sikumwambia yule fundi wa pili habari ya dumu mpaka nilipokwisha kulipa. Alinyamaza kwanza. Kisha akanieleza kwamba oili ya CVT ina kazi mbili zinazopingana: ilainishe, na papo hapo isaidie mkanda wa chuma ushike kwenye puli bila kuteleza. Ile ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda ukiteleza unakwangua uso wa puli, chenga zinasafiri na oili mpaka kwenye filta, pampu na beringi, na kilichokwanguka hakirudi. Akasema pengine bado kuna nafasi. Imwagwe yote inayotoka, iwekwe iliyo sahihi, gari litembee kidogo, imwagwe tena, kwa sababu ukimwaga mara moja nyingine inabaki ndani. Na sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, ifunguliwe itazamwe sumaku ya ndani inayonasa chenga za chuma: ikiwa na utope mwembamba wa kijivu, hiyo ni kawaida, zikiwa chenga zinazochoma kidole, basi. Akanikataza kuliendesha. Tangu anikataze nimeliendesha siku sita, kwa sababu nikiliacha nyumbani nitaulizwa kwa nini. Jumla tangu ile oili iingie ni kama kilomita 1,900.

Jumamosi shemeji anakuja kufungua sampu. Amekubali, kwa maneno yake, "ili roho ya shemeji itulie." Hata hapo hakuweza kusema kwamba huenda nina haki. Na mume wangu ameshatamka mezani kwamba kikionekana kitu humo ndani, mdogo wake atagharamia mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeigusa gia boksi ile. Shemeji akaitikia bila wasiwasi. Ana watoto watatu.

Kwa hiyo nakuuliza, Mjomba. Nikilirudisha kesho kwa yule fundi wa pili, oili ibadilishwe kabla ya Jumamosi, mlio unaweza kuondoka kabisa baada ya kilomita zote hizo? Maana ukiondoka, gari limepona na shemeji hatadaiwa kitu. Lakini nami nitabaki yule yule aliyesikia sauti ambayo haikuwepo, na habari ya redio nitasimuliwa mpaka nizeeke. Nisipolirudisha, chenga zitaonekana, mume wangu atajua kwamba masikio yangu ni mazima, na atakayelipa ni mtu aliyeniuliza akajibiwa ndiyo. Kuna saa naomba sumaku itoke imejaa chenga. Kuna saa naomba itoke safi. Usiku huu nimeomba yote mawili.

Mume wangu si mtu mbaya, usije ukamwandika vibaya. Angenisikiliza siku ile ya kwanza ningemweleza kila kitu, hata habari ya dumu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilisema, "Hii sauti imeanza baada ya ile oili," na kabla sijamaliza ndipo shemeji akasema lile neno, na yeye akacheka, na mtoto wangu mkubwa akacheka kwa kuwaona wao wanacheka. Baada ya hapo ningemalizia vipi?

Unijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali. Unieleze mluzi wa kwenye 40 unaoshuka nikiachia mafuta ni wa mkanda au ni wa beringi, na kama kule kuteleza kwa mara moja kunamaanisha puli zimeshakwanguka. Unieleze pia kama oili nyekundu ikikutwa ndani, fundi ataitambua kwa rangi na harufu tu, au itakuwa imeshachanganyika na iliyobaki ya zamani kiasi cha kutojulikana. Hilo la mwisho naliuliza kwa kutaka kujua tu.

Ile karatasi yenye mistari miwili bado ninayo kwenye mkoba. Shemeji amesahau kwamba aliiandika. Nimeitoa usiku huu, iko hapa mezani pembeni ya simu, na sijajua kama asubuhi nitairudisha mkobani au nitaiacha hapohapo mume wangu aione akija kunywa chai.

Ni mimi msomaji wako.