Vijana wa toksikolojia (elimu ya sumu), msihame swali mapema

Wanangu, marahaba kwa salamu zenu zote. Mi mzee wenu nimeshastaafu maabara ila maandiko yenu ya utafiti bado mnaniletea niyapitie, na kuna kitu kinanikera: mwaka huu mtu yuko kwenye viuatilifu, mwakani yuko kwenye zebaki ya wachimbaji, mwaka unaofuata kasikia kuna hela ya plastiki kahamia huko, ukimuuliza umegundua nini anakuonyesha vyeti vya semina. Jamani.

Leo niwape habari za mtu mmoja, Gerald Wogan, Mmarekani aliyefundisha MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Massachusetts, amefariki 2021. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na huku kwetu vifaranga vya bata Kenya na Uganda navyo vikafa, chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hela ya utafiti ikapatikana haraka maana ni bata wa Krismasi hao, sijui ingekuwaje kama wangeanza kufa wakulima wa karanga, ila hayo tuyaache. Wogan na mwenzake George Büchi wakakomaa na ile sumu ya ukungu mpaka 1963 wakatoa umbo lake la kikemia, ndo aflatoksini hii mnayoisoma. Wengi wenu hapo mngefunga faili, pepa imetoka, jina limeonekana, twende kwingine. Yeye alibaki hapohapo zaidi ya miaka 30.

Na kilichofuata ndo kitamu zaidi, someni taratibu. Aflatoksini ikiingia mwilini kama ilivyo haina makali hayo ya kuleta saratani, ni ini lenyewe linapojaribu kuisafisha itoke, vimeng'enya vyake vinaigeuza kuwa epoksaidi, kitu chenye hasira kinachodaka guanini, moja ya herufi nne za DNA, na kuganda hapo. Mwaka 1977 maabara yake ikaonyesha inaganda sehemu gani hasa. Sasa sehemu ya hivyo vipande, guanini na sumu iliyogandana nayo, inachomoka kwenye DNA na kutoka na mkojo, yaani mkojo haukwambii tu mtu kala nini, unakwambia alichokula kimemfanya nini ndani! Akaja kijana aliyepitia mikononi mwake, John Groopman, na vipimo vya mkojo, na 1992 wakiwa na wenzao wa Shanghai wakatoa matokeo ya wanaume zaidi ya 18,000 waliofuatiliwa. Aliyekuwa na aflatoksini na pia virusi vya homa ya ini B, hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa kama mara 60 ya yule asiye na vyote viwili. Ndo maana chanjo ya homa ya ini kwa watoto ni habari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, pia, na mkemia anayesema chanjo hazinihusu bado hajaielewa kazi yake.

Toka bata wa 1960 mpaka mkojo wa 1992, sumu ileile moja.

Na msije mkadhani imeisha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, kwa mahindi tu, mengine ya shambani kwao wenyewe yaliyowekwa ndani hayajakauka. Mwaka 2016 ikatupiga Dodoma na Manyara. Na hao ni waliokula nyingi kwa mpigo, yule anayekula kidogo kidogo kila siku miaka 20 hatangazwi popote.

Kwa hiyo mada mnayo. Nendeni sokoni mkakae na mama anayechambua karanga, ungo uko mapajani, nzima zinaenda huku, zilizosinyaa na zenye weusi kule, mkono hausimami na stori zinaendelea. Nyie msihangaike na zile nzima. Ulizeni lile fungu la pili linaenda wapi, maana mara nyingi halitupwi, lina mteja wake na linasagwa, na likishasagwa jicho halina kazi tena. Pimeni hilo, rudini mpime kabla ya mvua na baada ya mvua, mfuateni mteja mpaka kwenye mashine, halafu mjue watoto gani wanakunywa huo uji, halafu ndo muombe mkojo. Hapo kuna miaka 10 ya kazi na hujapanda ndege.

Halafu mikono yenu. Aflatoksini ikiwa unga mkavu inarukaruka hovyo, msije mkaipima kwenye meza wazi eti hudi, lile kabati la kufyonza hewa, ni mbovu, hudi ikiwa mbovu kazi isimame, msimamizi akinuna mwambieni mzee ndo kasema. Glavu vaeni, vyombo loweka kwenye jiki kwanza ndo uoshe, na chai isiingie maabara hata kama bosi anaingia nayo.

Maandiko yakiwa tayari nileteeni, ila yaje na jina la soko na miezi ya kuchukua sampuli, bila hivyo siyasomi.

Mzee wenu