Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: bastola ya gumegume isafirishwe vipi?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima nakuandikia juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo mezani kwako, lakini kwa familia iliyolikuta ni hofu ya kukosa usingizi: namna raia anavyoweza kuitoa nyumbani bastola ya kale ya baruti na kuifikisha kituo cha polisi au makumbusho bila kugeuka mhalifu njiani.

Tulipomaliza matanga ya babu yetu hapa Pangani tulifungua sanduku lake la mbao, na chini ya kanzu tukakuta bastola ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, iliyoviringishwa kwenye kipande cha khanga kilichochakaa. Silaha ya namna hii haitumii risasi zenye maganda. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, goroli ikafuata, kisha vyote vikashindiliwa. Mjomba, aliyewahi kuwa mgambo, alitukataza kuigusa. Aliingiza ufito mtutuni taratibu, akaushika kwa kucha pale ulipotokeza mdomoni, halafu akaulaza juu ya mtutu kwa nje: ulikomea vidole vitatu kabla ya kufika kwenye tundu la mwasho, lile linalopitisha moto hadi kwenye baruti. Ndani mlikuwa na kitu, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa uzee.

Siku hiyohiyo tulimwarifu balozi wetu wa nyumba kumi. Ofisi moja tuliyoiendea ilitwambia tuipeleke wenyewe. Nyingine ikatuonya kwamba tukikutwa nayo barabarani tutajieleza mahakamani. Wote wawili walisema kwa nia njema, nasi hatukujua tumsikilize nani. Je, tuipakie kwenye basi lenye abiria sitini? Tuifunge kwenye bodaboda? Watoto tuliwahamishia kwa shangazi, chumba kikafungwa kwa kufuli, na siku 11 zikapita mpaka askari wawili walipokuja kuichukua, kwa upole ambao naushukuru hadi leo.

Mheshimiwa, sikuombi ulegeze Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobole huua mtu sawasawa na bunduki ya kisasa, na anayelificha kwa ujangili au ujambazi hana utetezi kwangu. Ninachokiomba ni kwamba anayetaka kutii asilazimike kwanza kuvunja sheria.

Liko jambo jingine linalotatiza zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kuwa masalia ya kuhifadhiwa, na bastola nyingi za gumegume zilizoletwa na majahazi kwenye pwani hii ni za umri huo. Chombo kilekile, basi, ni silaha mbele ya wizara yako na ni urithi mbele ya wizara nyingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto imeziweka kando silaha za kale, ikaweka mpaka kwamba iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 wa kuzuia biashara ya watumwa na ya silaha Afrika, ambao wakoloni waliuandika kwa maslahi yao, ulizitenga bunduki za gumegume na zile za kisasa. Kutofautisha kunawezekana.

Kusipokuwa na maelekezo yanayofahamika kwa kila mtu, mashaka humwangukia asiye na hatia. Huko New Jersey, Marekani, ambako sheria inataka silaha isafirishwe bila kushindiliwa, ndani ya mkoba uliofungwa au kwenye buti ya gari, mwalimu mstaafu alikamatwa mwaka 2014 kwa bastola ya gumegume ya karne ya 18 iliyokuwa tupu, imefungwa kitambaa, ndani ya gari. Mashtaka yalifutwa mwaka uliofuata, lakini alikuwa ameshapitia pingu.

Najua kuna misamaha ya kusalimisha silaha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, na kwamba Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kwa kazi hiyo hadi 2030. Babu yetu alifariki mwezi Machi.

Naomba basi wizara itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Useme kwamba silaha inayodhaniwa kuwa imeshindiliwa haihamishwi na raia kabisa, askari huifuata ilipo, na kwa muda uliotajwa. Useme kwamba iliyo tupu husafirishwa kwa kibali cha maandishi cha siku na njia maalumu, ndani ya sanduku lililofungwa, baruti na fataki zisiwe pamoja nayo. Na kabla silaha iliyosalimishwa haijateketezwa, ofisa wa mambo ya kale aitazame.

Bastola ya babu yetu bado iko kituoni, ndani ya khanga ileile. Tuko tayari kuitoa kwa Makumbusho ya Taifa bila kudai chochote. Tunangoja kuambiwa nani aibebe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjukuu wa marehemu,
Pangani, Tanga