Karavati na safari ya ningu

Mhariri,

Barabara zinazokatiza vijito vya Ziwa Victoria zinaendelea kuwekewa makaravati, yaani mifereji ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara, na anayepinga hilo hajawahi kukwama kwenye tope la masika. Ila anayejenga hupiga hesabu ya mafuriko tu: maji yapite haraka, barabara isibebwe. Samaki anayepanda hayumo kwenye hesabu.

Ningu hukulia ziwani na kupanda mito kutaga mayai mvua zinapojaza maji. Alikuwa samaki wa biashara kubwa hadi nyavu za makila zilipotegwa midomoni mwa mito na kumnasa na mayai yake. Waliosalia sasa wanakutana na zege.

Samaki wengi wakitoa nguvu zao zote huogelea takriban mara 10 ya urefu wa mwili kwa sekunde, na hawadumu hivyo zaidi ya sekunde 20. Tuseme ningu wa sentimita 25 anafikisha mita 2.5 kwa sekunde. Ndani ya karavati laini maji yakikimbia mita 2 kwa sekunde, yeye anasogea nusu mita tu. Karavati lenye urefu wa mita 12 linamdai sekunde 24. Pumzi inamwishia zikiwa zimebaki mita mbili, anarudishwa alikotoka. Wa sentimita 15 hata hasogei. Na pale ambapo maji yamechimba chini ya mdomo wa karavati likabaki linaning'inia, hakuna anayeingia kabisa.

Dawa yake si ngeni: karavati pana kama kijito chenyewe, sakafu yake ifukiwe chini ya kitanda cha mto ili mchanga na mawe vitulie humo na kupunguza kasi ya maji. Ya zamani yapigiliwe mawe sakafuni, samaki apate pa kupumzikia. Gharama inapanda, sikatai, lakini karavati pana halizibwi ovyo na magogo.

Tusinakili tu ngazi za samaki, yaani vidato vya maji vya kumvusha samaki kwenye bwawa, zilizobuniwa kwa ajili ya samoni. Thailand iliweka ngazi kwenye bwawa la Pak Mun, lililokamilika 1994, na mwaka 2000 Tume ya Dunia ya Mabwawa ikaripoti kuwa haifanyi kazi.

TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo Mwanza. Wapewe fedha za kumpima ningu kwenye mfereji wa majaribio, kasi ikiongezwa hadi achoke, na namba hiyo iwe mezani kwa mhandisi kabla mchoro haujasainiwa.

Msomaji wako,
Musoma