Shairi la nani? Watangazaji wa kantri, mtajeni mtunzi

Mhariri,

Huku Lamu wimbo wa taarabu ukisifiwa, wazee huuliza: shairi la nani? Mwimbaji ana sifa zake na mwenye maneno ana zake. Lakini ikifika zamu ya kantri, ule muziki wa Marekani, katika vipindi vya redio vya Jumapili, adabu hiyo hutupwa: kila wimbo hupewa aliyeuimba.

Chukua "The Gambler". Husemwa ni wa Kenny Rogers. Aliyeutunga ni Don Schlitz mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka 23 mwenye kibarua cha usiku kwenye kompyuta za chuo kikuu mjini Nashville. Ulizunguka kama miaka miwili, na Bobby Bare aliurekodi kabla ya Rogers kuutoa mwishoni mwa 1978. "Lucille" nao ni wa Roger Bowling na Hal Bynum. "Crazy" wa Patsy Cline, 1961, uliandikwa na Willie Nelson. "One Day at a Time", ambao Cristy Lane ndiye anayetajwa kila mara, ni wa Marijohn Wilkin na Kris Kristofferson.

Si jambo la sifa tu. Redio ya kawaida ya Marekani ikipiga wimbo, anayelipwa ni mtunzi na mchapishaji, yaani anayesimamia haki za wimbo. Mwimbaji hapati kitu. Ndiyo maana Elvis Presley alipotaka kuimba "I Will Always Love You", na meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji, Dolly Parton alikataa. Alikuwa ameutoa mwenyewe 1974. Whitney Houston alipouimba 1992, haki zote zilikuwa bado mkononi mwa Dolly.

Kosa linalochekesha zaidi ni la Jim Reeves na Patsy Cline. Watangazaji hutueleza jinsi "walivyopatana studioni" katika "Have You Ever Been Lonely". Cline alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1963, Reeves kwa ajali nyingine Julai 1964. Wimbo huo ulitoka 1981: sauti zao zilichomolewa kwenye kanda za zamani, kila mmoja alikokuwa ameimba peke yake, zikapachikwa juu ya ala mpya.

Chanzo cha haya yote ni flashi. Faili hubeba jina moja tu, tena limeandikwa na mtu asiyejulikana, nalo hunakiliwa hivyo hivyo toka kituo hadi kituo. Mwenye santuri hana kisingizio: tazama karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, yale majina madogo yaliyomo kwenye mabano. Hao ndio watunzi. Jina kubwa ni la mwimbaji. Mwenye flashi aingie kwenye orodha za BMI au ASCAP, vyama vya Marekani vinavyokusanya malipo ya watunzi, ambazo ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Lakini asiandike jina la wimbo tu. Aongeze na la mwimbaji, kwani nyimbo ziitwazo "Crazy" ni tele na atajikuta amemtaja mtu mwingine kabisa. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kipindi, majina yaingie daftarini. Hewani ni sekunde tano: wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwaka.

Kwa "Jolene" pumzikeni. Dolly katunga, Dolly kaimba.

Mpenzi wa kantri,
Langoni, Lamu