Binti arudi shule, mtoto abaki na nani?

Mhariri,

Kila mjadala wa mabinti waliozaa wangali shuleni huzunguka swali moja: warudi darasani au wasirudi? Mimi ni mkunga mstaafu, nimezalisha mabinti wengi wa umri wao, na naona swali hilo linaishia getini. Kichanga abaki na nani?

Mwaka jana binti wa jirani, miaka 16, alirudi shule mwanawe akiwa na miezi 4. Alimudu wiki 3. Ikifika saa nne asubuhi matiti yamejaa, maziwa yanapenya kwenye sare, naye anakumbatia daftari kifuani wavulana wasione. Kwao ni chumba kimoja cha kupanga; mama yake hutoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo, kurudi ni magharibi. Kichanga akaachiwa mdogo wake wa miaka 9, ambaye naye akaanza kukosa masomo. Binti akaona aibu, akaacha. Shule ikaandika: mtoro. (Baba wa mtoto ni fundi wa miaka 27, hupita mlangoni pale kila asubuhi akienda kazini. Yeye hajaitwa jina lolote.)

Sisi wa afya nasi tuna lawama. Tunamwagiza amnyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, kama linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani. Shule inamtaka awahi kengele. Kila upande una haki, ila hakuna aliyekaa na binti kuhesabu saa zake. Shirika hilo hilo linashauri mama akae walau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Waliokaa nyumbani bila shule wala kazi, wengi wao niliwapokea tena wodini kabla ya huo muda, na mwili wa miaka 17 unaobeba mimba ya pili si jambo la kufanyia mchezo: kifafa cha mimba huwaandama zaidi wadogo hawa kuliko wanawake wa miaka ishirini na kitu.

Majengo mapya siombi. Chumba kimoja karibu na shule, mkeka, maji safi, mlezi anayelipwa, na ruhusa ya nusu saa binti atoke akanyonyeshe. Shule ya mtaani kwetu ina stoo yenye madawati mabovu tangu nikiwa kazini. Wakiisafisha, zamu ya asubuhi naishika mimi.

Mkunga mstaafu